Moto wa Bi Nora na Jivu la Chula

Nyinyi mnaokuja kunigongea mlango hapa Kismayo huniuliza mambo mawili tu: kazi ya kulea wazee Ulaya ikoje, na baridi yake mtu huistahimili vipi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza wazee wenyewe walikuwa nani. Basi leo nitawajibu nisichoulizwa, maana habari za makoti zimenichosha.

Jina langu Mwanaisha, mzaliwa wa Chula, kisiwa chetu Wabajuni kusini ya Kismayo. Vita vilipofika visiwani tulikimbilia Kiunga kwa mashua, kutoka Kiunga tukaingia kambini Mombasa, na kambini nikapata bahati ya kupelekwa Ayalandi, kisiwa kikubwa cha mvua kilichoko mwisho wa Ulaya upande wa magharibi. Naiita bahati kwa sababu wakati ule sote tuliiita hivyo. Huko nimewanyanyua wazee, nimewaosha, nimewalisha, mpaka magoti yangu yakagoma, nikapumzishwa, nikarudi kwetu. Nimerudi na kitu kimoja ninachotafuta mtu wa kumwachia kabla sijafa, na mpaka leo sijampata. Habari yenyewe ndiyo hiyo, msitarajie itawachangamsha.

Tuanze na kazi, msije mkasema nimewapotezea wakati. Mzee hanyanyuliwi kwa mgongo, hunyanyuliwa kwa magoti. Ukimlisha, keti, usimsimamie kichwani kama askari. Aliyenifundisha ni Rosa, Mfilipino mfupi asiyechoka, na neno lake la kwanza lilikuwa hili: usimguse mtu kabla hujamwambia unamgusa wapi. Siku yangu ya kwanza nilimwosha bibi mmoja upande wa kulia wote, kisha wa kushoto, maji taratibu, huku nanong'ona dua. Rosa akanivuta kando.

"Mbona unamwosha hivyo? Anaogopa."

Nikamwambia ukweli, kwamba mtu mzima pekee niliyewahi kumwosha maishani alikuwa nyanya yangu, na alikuwa ameshakufa. Rosa alicheka hadi akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Yule bibi naye, alipoelezwa, akasema afadhali amejaribiwa mapema, sasa anajua maji hayatakuwa baridi.

Siku hizi kuna mashine. Mzee anafungwa mikanda, anainuliwa juu kama gunia la mchele bandarini, na mlezi anabonyeza simu kuonyesha kwamba amemaliza. Migongo ya walezi imepona, hilo siwezi kulikataa. Lakini sijaona mtu anayezungumza na mzee akiwa ananing'inia hewani.

Walipokosa mtu wa kwenda kumhudumia Bi Nora, mzee wa kisiwa kidogo mbali na nchi kavu, msimamizi alisema, "Mpelekeni Mwanaisha, si yeye ni mtu wa visiwani?" Kana kwamba visiwa vyote ni ndugu. Nikapakiwa kwenye boti, nikatapika njia nzima, mimi mtoto wa Chula, aibu iliyoje. Lakini nilipoteremka nikaona kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa, nyavu zimeanikwa, na wanawake wawili wakinitazama na kunisema bila kujificha, nikahisi nimefika Kudhaa, kisiwa cha jirani zetu, ila jua lake limezimwa.

Bi Nora alikuwa mwembamba, mkali wa ulimi, macho yake yamepungua, anatembea kwa mkongojo wa miguu minne. Sebuleni kwake palikuwa na meko ya mawe, na mekoni moto wa vipande vya udongo mweusi ambao wenzetu huuchimba bwawani, wakaukausha, wakauchoma kama kuni. Moto ule, alisema, haukuwa umekosekana katika nyumba ile tangu zama za nyanya ya mama yake. Mimi sikuwa na sababu ya kumkatalia.

Kila jioni aliufukia kwa mkono wake mwenyewe. Aligawa makaa mafungu matatu kwa koleo, akaweka kipande cha udongo mkavu kati ya kila fungu, kisha akafunika kwa jivu laini. Ukizidisha jivu moto unakosa pumzi, ukipunguza moto unajila hadi kuisha. Kipimo chake ni mkono: unauweka juu ya jivu, ukihisi joto la mtu mwenye homa ndogo, umepatia. Asubuhi unapangua kwa ncha ya koleo unakuta jicho jekundu linakutazama. Na wakati wa kufukia alikuwa akinong'ona maneno kwa lugha yake ya kale, na ndani ya maneno yale limo jina la mwanamke, Brijidi.

Nilimsimulia kaka yangu Shee kwa simu, naye yuko Mombasa. Akanijia juu kwa Kibajuni chetu, ambacho mtu ni mchu na moto ni mocho.

"Dada, wewe mchu wa dini. Usiniletee mambo ya kunong'oneza mocho."

"Sileti kitu, nasikia tu. Huo mocho si wangu."

"Ndivyo yaanzavyo," akasema, akakata.

Simlaumu. Mimi mwenyewe wiki za kwanza nilikuwa nikisema astaghfirullahi kimoyomoyo kila jioni. Lakini kazi ya kulea mzee ina siri moja ambayo hakuna atakayewafundisha darasani. Mwili wake umeshakuwa wa watu wote, kila mtu anaufunua na kuufunika, na kilichobaki chake peke yake ni anachokikumbuka. Usipokipokea hicho, hujamlea. Basi nikapokea, na nikasikiliza kama nilivyokuwa nikimsikiliza mama yangu akisimulia habari za pepo wa mapangoni, bila kuswali kwao.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa kuwa haya ndiyo niliyoachiwa.

Watu wa kale wa Bi Nora huitwa Wakelti. Kabla ya Ukristo walikuwa wametapakaa sehemu kubwa ya Ulaya, wengine wakafika hadi nchi ya Waturuki, kisha wakasukumwa na kusukumwa mpaka wakabanwa kwenye visiwa na ncha za nchi kavu huku magharibi. Hawakuwa na Mungu mmoja. Kila mto, kila kisima na kila kilima kilikuwa na mwenyewe. Alikuwepo Dagda, baba mwenye tumbo kubwa, na sufuria yake ambayo hakuna aliyeondoka kwake na njaa. Niliposikia hilo nikasema sufuria ile ingetufaa kambini. Alikuwepo Lugh, fundi wa kazi zote, na sikukuu yake ilikuja mavuno yakianza. Na alikuwepo Brijidi, binti Dagda, mwenye moto, ushairi na uhunzi. Kanisa lilipokuja lilishindwa kumfukuza, likamfanya mtakatifu wake. "Walimbadilisha nguo tu," alisema Bi Nora, "mwanamke ni yule yule."

Siku yao ilianza jua linapozama, siyo linapochomoza. Nikamwambia hata sisi, Ijumaa yetu huingia Alhamisi jioni. Bi Nora akaweka kikombe chake cha chai chini.

"Nani aliwafundisha?"

"Dini yetu, Bi Nora. Na mwezi."

"Basi kaa karibu," akasema. "Kumbe muda wote huu nilikuwa nakueleza mambo polepole bure."

Na mwaka wao vilevile ulianza gizani, mavuno yakiisha na baridi ikiingia, kwa sikukuu waliyoiita Sawini. Siku hiyo mioto yote majumbani ilizimwa. Mmoja mkubwa uliwashwa kilimani, na kila nyumba ikaenda kuchukua kaa lake kule ili wote waanze mwaka kwa moto mmoja. Wafu nao walirudi kutembea, kwa hiyo uliwawekea kiti na chakula, na mlango haukufungwa. Kulipoanza joto ilikuja sikukuu ya Beltaine, na ng'ombe walipitishwa katikati ya mioto miwili ili wasipatwe na maradhi. Nikamsimulia jinsi kwetu zamani ng'ombe alivyozungushwa mji mzima, watu wakisoma nyuma yake, kabla ya kuchinjwa ili balaa lipite mbali. Visima vyao vilifungwa vitambaa kwenye miti ya jirani, kila kitambaa na shida ya mtu. Na vitambaa hivyo mimi nilishaviona utotoni kwenye mapango ya visiwa vyetu, vyeupe na vyekundu, kabla masheikh hawajaviondoa.

Habari iliyonikaa kooni ni ya watu wa Danu. Hao walikuwa ndio wenye nchi, wazuri, wenye elimu na ufundi. Wakaja wengine kwa meli, wakapigana nao, wakawashinda. Ukafanywa mgawanyo: walioshinda wakachukua nusu ya juu ya nchi, walioshindwa wakapewa nusu ya chini. Wakaingia ndani ya vilima, wakaishi humo hadi leo, na watu wa juu huwaogopa na kuwawekea maziwa lakini nchi hawawarudishii. Nililia siku hiyo, na Bi Nora alidhani moshi umeniingia machoni. Nilikuwa nawaza Wabajuni. Nilikuwa nawaza nyumba zetu za Chula na nani amelala ndani yake, na sisi tuliotapakaa Mombasa na Ulaya, tunatajwa tu watu wanapotaka kusema zamani palikuwa na wenyeji.

Mnataka kujua ni nani aliyekuwa na elimu yote ya Wakelti? Walikuwa na wanazuoni wao, madruidi, waliosoma miaka na miaka, na walikataa kuiandika. Waliishika vichwani. Kisha vichwa vile vikakatwa na Warumi na vingine vikafa kwa uzee, na tunayoyajua leo tumeyapata kwa maadui zao walioandika kuwasema, na kwa watawa wa kikristo walioandika baadaye wakirekebisha wasiyoyapenda. Bi Nora alisema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa huku akimenya kiazi. Mimi niliona kaburi la watu wote kwa pamoja.

Sasa nifike kwenye Mwaka, sikukuu yetu ya zamani ya kuanza mwaka.

Nyinyi Siku ya Mwaka hamuijui, au mmeisikia ikitajwa kwenye hotuba kuwa ni bidaa, uzushi katika dini, na pengine ni kweli, mimi si mwanachuoni. Ninachojua ni nilichokiona. Asubuhi ya Mwaka wanawake wa Chula walikwenda kuoga baharini. Jivu la mwaka mzima likazolewa mekoni likamwagwa, mafiga matatu yakaoshwa kwa maji ya bahari, na moto mpya ukapekechwa kwa vijiti viwili, siyo kwa kibiriti. Mama yangu alikuwa akisema juu ya mafiga yale yaliyolowa, "Mocho wa kae wende na mai, mocho mpya ungie." Moto wa zamani uende na maji, mpya uingie. Kisha tukapika na kula hadi tukalala palepale.

Mama alifia Mombasa mimi nikiwa kwa Bi Nora. Shee alinipigia simu wakiwa wameshamzika. Hapakuwa na la kufanya. Nikampikia Bi Nora uji wake, nikamfunga vifungo vya sweta, nikaendelea. Siku chache baadaye ikaingia Siku ya Mwaka, na nilipoamka nilikuwa nimeshaamua. Bi Nora alikuwa bado kitandani. Nikateremka ufukweni na ndoo, nikanawa maji yale ya barafu hadi mabegani, nikarudi na maji ya bahari. Nikazoa jivu lote mekoni pamoja na makaa, nikalimwaga nje kwenye mvua. Nikayamwagia mawe maji ya bahari nikayasugua mpaka yakawa meusi yanayong'aa. Nikasema maneno ya mama. Nilikuwa nalia, lakini nilikuwa na furaha pia, kwa mara ya kwanza tangu ile simu, kwani nilidhani namfanyia Bi Nora hisani kubwa kuliko zote.

Nikasikia mkongojo wake kwenye sakafu. Alisimama mlangoni muda mrefu akinusa, maana macho hayakumsaidia sana.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, Bi Nora. Leo Mwaka. Sasa tutawasha mpya."

Akajishusha kwenye kiti chake taratibu. "Mpya utatoka wapi?"

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha naye akanieleza, bila kupandisha sauti, na heri angenipiga. Moto wa nyumba huzimwa siku moja tu, Sawini, na hurudi kwa kaa la kilimani au la jirani. Kilimani hakujawashwa moto tangu yeye mwari. Na majirani? Akataja nyumba moja moja kwa majina: hii ina umeme, ile ina mafuta, ile imefungwa wenyewe wako Amerika. Moto niliouzoa ulikuwa wa mwisho kisiwani.

Nikaanguka magotini pale penye maji. Nilipiga yowe kama vile kafa mtu, na kwa kweli nilikuwa namlilia mama pia, vyote vilikuwa vimechanganyika.

"Inuka," akasema. "Kwenu mnaupataje huo mpya?"

Basi tukapekecha. Mnajua kuni za Ayalandi? Hata zikiwekwa ndani mwaka mzima bado zina maji. Nilipekecha hadi viganja vikatoka malengelenge, Bi Nora akinihimiza kama mtu anayetazama mpira, "Kaza! Usilegee! Nimesikia harufu!" Harufu ilikuwa ya ngozi yangu. Ndipo akaingia mwanawe, Donali, aliyekuja na boti kutoka nchi kavu kumwona, akatukuta hivyo, mama yake ameinama na mlezi wake kapiga magoti na vijiti.

"Mnafanya nini?"

Niliendelea kupekecha. Donali akatoa kibiriti cha gesi mfukoni, akawasha gazeti, akaliingiza mekoni. Moto ukashika. Alikuwa mtu mwema, alidhani ametuokoa.

"Moto wa dukani," alisema Bi Nora.

Nilisubiri anifukuze kazi. Jioni ilipofika akanipa mimi lile koleo. "Wangu umekufa," akasema. "Huu umeingia siku yenu na kwa desturi yenu, ingawa umekuja kwa mfuko wa Donali. Ni wako. Na mwenye moto lazima ajue maneno." Akaanza kunifundisha usiku ule ule, mstari mmoja mmoja, akinirudisha nilipokosea. Nilimwuliza kama hamtaki binti wa Donali ayajue. Akasema ameshamwuliza, na yule mtoto alimbusu na kumwambia yatakuwa mazuri sana kwenye video.

Nilikuwa nikianza na Bismillahi, kisha nasema ya kwake. Bi Nora hakujali. Alisema wenye kulipenda jina la Brijidi walishazoea kusikia majina mengine yakitangulia.

Hatukukaa sana. Donali aliona mama yake anadhoofu, akamtafutia nafasi katika nyumba ya wazee nchi kavu, nyumba safi, yenye ile mashine ya kunyanyulia. Kwa desturi yao, anayehama hubeba kaa kutoka meko ya zamani. Nikaliweka kwenye chungu cha chuma na jivu chini na juu, nikakibeba hadi gatini. Nahodha akakataa moto kwenye boti yake. Alikuwa na haki. Donali akamshika mama yake begani.

"Mama, kule joto limo ukutani."

"Joto la nani?" akauliza Bi Nora.

 Mvua ikaanza, tukasimama gatini tukiwa tumekizunguka kile chungu, na nikausikia moto ukizimika. Jivu nikalizoa nikalitia kwenye kopo la kahawa.

Kule nyumba ya wazee nilikuwa nikienda kumwona siku zangu za mapumziko. Alikaa karibu na dirisha akauelekeza mkono wake kwenye lile bomba la joto ukutani, akauweka pale kama anayepima homa, kisha akauondoa. Siku moja akanishika kiganja. "Mwachie mwanamke mmoja maneno yangu," akasema. "Sitaki wengi. Mmoja anatosha, akishakuwa na wake wa kumwachia." Nikamwahidi. Alikufa siku chache kabla ya Sawini. Nilifungua dirisha la chumba chake ili roho yake itoke, muuguzi akalifunga kwa sababu ya joto kupotea, nikalifungua tena, akalifunga tena. Hatukugombana. Kila mmoja alikuwa anafanya kazi yake.

Nilipostaafu nikarudi na lile kopo. Uwanja wa ndege hapa Kismayo kijana wa forodha akalifungua akanusa.

"Jivu? La maiti?"

"La meko."

Akawaita wenzake waje wanione, mwanamke aliyetoka Ulaya na kopo la jivu, wengine wanaleta simu.

Kuna hadithi ya Bi Nora sijawaambia. Mtu mmoja alichukuliwa ng'ambo ya bahari ya magharibi, nchi ambayo watu hawazeeki, akakaa huko muda anaouona mfupi. Akatamani kwao. Wakampa farasi, wakamwonya asikanyage ardhi. Alipofika akakuta watu wake wote wamekufa zamani na majina yao hayajulikani, na alipoteleza akagusa udongo akawa mzee papo hapo. Niliikumbuka nilipokanyaga Chula. Nilitembea toka ufukweni hadi kwetu na sikusalimiwa kwa jina na mtu yeyote. Nyumba ya mama haina paa, na mchongoma umeota chumbani. Lakini mafiga yake yapo, yote matatu, meusi upande wa ndani. Nilikaa juu ya moja nikalia hadi boti ikaniita.

Hapo ndipo nilipopata shauri langu. Ninakaa na Sauda, mjukuu wa dada yangu, msichana mwerevu, mchapakazi, anangojea safari yake ya Ulaya kama nyinyi. Nikamwambia: ikifika Siku ya Mwaka twende Chula, wewe na mimi. Tutaosha mafiga ya mama yangu kwa maji ya bahari, tutaweka jivu la Bi Nora chini, tutawasha moto juu yake, na nitakupa maneno yote, ya mama na ya Bi Nora, ili mioto miwili iwe mmoja na uwe wako. Hata kama hutawasha maisha yako yote, jua tu.

"Haye, Bibi," akasema, bila kuinua macho kwenye simu.

Nilimwuliza kama atakumbuka. Akasema niyaseme arekodi. Nikakataa, na hapo labda nilikuwa mjinga, labda madruidi nao walikuwa wajinga. Nilitaka yaingie ndani yake, siyo ndani ya kile kitu kinachobadilishwa kila mwaka. Nikasema tungoje Mwaka.

Mwaka huu, siku moja kabla, niliamka nikaenda sokoni kununua samaki na unga wa safari. Nilinunua na maji ya waridi, mama alikuwa akiyanyunyiza. Nilikuwa mwepesi, nawaambia ukweli, nilikuwa nikitembea bila kuhisi magoti. Niliporudi nikamkuta Sauda ua wa nyuma, mikono imelowa hadi viwikoni, na sufuria zetu zote zimepangwa kifudifudi juani. Wageni walikuwa waje kutoka Ras Kamboni na hakutaka waone masizi. Kando ya bomba lilikuwa lile kopo la kahawa, tupu, limeoshwa na kuinamishwa likauke. Nyumbani kwetu siku zote tumesugulia vyombo jivu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha.

"Bibi," akasema kwa furaha, "jivu lako laini ajabu! Halikwaruzi kabisa."

Nilisimama na kapu langu. Nilitaka kusema mengi, na hakuna hata moja ambalo angestahili kuambiwa. Kinywa kikatoa lile ambalo sikulipanga.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Bibi. Tazama zinavyong'aa."

Nikatazama. Zilikuwa zinang'aa kweli.